Adabu ya Kujibizana: Kutoka Baraza za Ngamiani hadi Kurasa za Magazeti

Ni desturi yetu, tunapoona watu wamezungumza vema juu ya jambo zito, kuwasifu watu wenyewe. Twasema walikuwa wazee wenye busara au vijana waliolelewa. Mazungumzo yakigeuka matusi twawalaumu watu wenyewe vile vile, tukasema kizazi kimeharibika. Sifa hizo na lawama hizo zina sehemu yake ya kweli. Walakini mtu akiichungua historia ya pwani yetu ataona jambo jingine ambalo aghalabu halitajwi, nalo ni mahali penyewe pa kuzungumzia. Mtu yule yule aliyekuwa mkali wa ulimi sokoni adhuhuri, jioni aliketi barazani akasemezana na wenziwe kwa heshima. Na alipochukua kalamu kumjibu mshindani wake gazetini, alilipima kila neno. Tabia yake haikubadilika kati ya adhuhuri na magharibi. Kilichobadilika ni kanuni za mahali alipokuwa. Katika insha hii nataka kuzitazama kanuni hizo, hasa zile zilizotawala majibizano ya mashairi, kwa kuwa nadhani tumezizungumza sana kama kanuni za sanaa, na tumesahau kuwa zilikuwa pia kanuni za mkutano.

Nitaanza Ngamiani, upande wa mji wa Tanga ulio kusini ya reli. Reli hiyo Wadachi walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na pamoja na mashamba ya mkonge iliwavuta watu kutoka kila upande. Wadigo, Wasegeju na Wabondei walikuwa jirani. Wasambaa na Wazigua hawakuwa mbali. Na nyuma yao wakaja Wanyamwezi, Wamanyema, Wakomoro na wengineo. Barabara za Ngamiani zimenyoka sambamba nazo hutajwa kwa namba, hata mtu akiulizwa akaa wapi hujibu barabara ya 6 au ya 14, na jibu hilo latosha. Mji wa namna hii hauwezi kuutegemea ukoo kuwa mlinzi wa adabu, maana wakaao ukuta kwa ukuta si ndugu. Wahitaji kitu kingine cha kuwafundisha watu wasiojuana kusema na kusikia. Katika Ngamiani, kama katika miji mingine ya Waswahili, kitu hicho kilikuwa baraza.

Mtazame mtu aliyeketi barazani. Hayumo ndani ya nyumba wala hayuko njiani. Kwa hiyo mwenye nyumba halazimiki kumkirimu, na mgeni halazimiki kuomba ruhusa ya kuondoka. Aliyeshindwa kwa maneno aweza kuinuka akaenda zake bila ya kuonekana amefukuzwa. Waketio hapo aghalabu wamejipanga mgongo ukutani na uso njiani, wala hawakabiliani kama watu wa mezani. Neno kali likitoka huenda kwanza barabarani kabla ya kumfikia aliyekusudiwa. Kisha wako wapita njia. Kila apitaye hutoa salamu, na salamu sharti iitikiwe, na kuitikia kwenyewe hukata maneno. Mwenye hasira hupata pumzi asiyoiomba. Huja mwuza kahawa na birika lake la shaba, makaa chini yake, vikombe vikilia mkononi, na watu waliokuwa wakishindana hungoja zamu ya kikombe. Penye bao pana faida nyingine: asiyetaka kujibu huziinamia kete zake, na kimya chake hakihesabiwi kuwa ni kushindwa.

Hapana fundi aliyeyapanga haya yote kwa makusudi ya kulinda mazungumzo. Baraza ilijengwa kwa sababu ya joto, na kwa sababu ya sitara ya nyumba, ambamo wageni wanaume hawakupaswa kuingia. Lakini kazi iliyoifanya kwa maneno ya watu ni kubwa, wala tusiidharau kwa kuwa haikukusudiwa. Upungufu wake nao ni dhahiri. Baraza yafika pale sauti iishiapo, na yaliyosemwa juzi hayana shahidi ila kumbukumbu za wasemaji, ambazo kila mmoja huzikunja upande wake. Wanawake hawakuwa na nafasi katika baraza ya mbele. Walikuwa na ua wao, na habari hiyo nitairudia.

Gazeti lilikuja kuinyosha baraza ifike mbali, na Tanga ililipata mapema. Wamisionari wa UMCA walikuwa na Habari za Mwezi huko Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1890. Shule ya serikali ya Wadachi mjini Tanga ikatoa Kiongozi tangu mwaka 1904 hadi mwaka 1916, ambao ndio mwaka Waingereza walioutwaa mji. Miongoni mwa walioandika humo walikuwamo walimu na makarani waliosoma katika shule za serikali, kisha wakatawanywa katika vituo vya pwani na bara; kwao gazeti lilikuwa njia ya kusemezana na wenzao waliokuwa safari ya siku nyingi. Si bure kwamba hapo hapo Tanga, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenziwe waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, ambamo Waislamu na Wakristo walikaa pamoja. Tabaka hili la watu lilikwisha zoea kujadiliana kwa maandishi kabla ya kujadiliana katika ukumbi.

Mambo Leo lilianza Januari 1923. Lilikuwa gazeti la kila mwezi, likitolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza huko Dar es Salaam, nalo lilisomwa nchi nzima. Mwaka 1939 likaja Baraza la Nairobi, la kila juma, ambalo jina lake latosha kuonyesha waanzilishi walitaka wasomaji walione kuwa ni nini. Katika kurasa hizo za mashairi na barua ndimo majibizano yalimostawi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, mwaka 1909, alikuwa mmoja wa watunzi waliopeleka beti zao Mambo Leo, na wengi kama yeye walianza kujulikana huko kabla hawajachapishiwa kitabu.

Majibizano yenyewe hayakuzaliwa na gazeti. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu katika siku za uadui wa miji hiyo miwili, na beti zake zilihifadhiwa vifuani kwanza, kisha zikakusanywa na Mwalimu Sikujua. Ann Biersteker alipoandika kitabu chake juu ya ushairi wetu mwaka 1996 hakuona neno jingine la kukiita ila Kujibizana, na Kimani Njogu katika mwaka 2004 akausoma ushairi huu huu kuwa ni mazungumzo. Gazeti liliikuta desturi, likaipa posta na tarehe.

Sasa tuitazame kazi ya kanuni. Tuseme mtu wa Ngamiani amesoma katika Mambo Leo shairi la mtu wa Tabora lisemalo kwamba dansi ni uharibifu wa heshima. Mfano huu sikuutoa hewani; Maria Suriano ameonyesha jinsi wasomaji wa gazeti hilo katika miaka ya 1940 na 1950 walivyoshindana kwa barua na mashairi juu ya dansi na ustaarabu. Mtu wetu amekasirika, kwani yeye mwenyewe hucheza. Angekuwa sokoni angelipa tusi la maneno mawili. Lakini ataka kujibu gazetini kwa shairi, na shairi lina madai yake. Kila mstari mizani 16, 8 na 8. Mistari minne kwa ubeti. Vina vya kati na vya mwisho visivyopotea. Tusi lake la maneno mawili halitoshi hata nusu ya mstari. Atahitaji kulitafutia wenzake, na katika kulitafutia wenzake atalazimika kutafuta sababu, kwa kuwa mistari minne haijazwi na hasira tupu.

Zaidi ya hayo, desturi yamtaka amjibu mwenziwe kwa bahari ile ile, na akiweza kwa vina vile vile, au achukue kituo cha mwenziwe na kukigeuza. Hapa ndipo ninapoona ubora wa mpango wote. Hapana awezaye kuchukua kituo asichokisoma. Sharti alirudie shairi la mshindani wake mara nyingi, ajue kila mstari umeishia wapi na kwa silabi gani, alihesabu kwa vidole. Mtu atakapokuwa tayari kuandika ubeti wa kwanza wa jibu, shairi la adui yake yu karibu kulihifadhi. Naam, aweza bado kulielewa vibaya. Lakini hawezi kudai kwamba hakulisoma. Sijui kanuni nyingine ya mjadala, ya bunge wala ya mahakama, ambayo humlazimisha msemaji kuibeba kauli ya mwenziwe kinywani kabla ya kuipinga.

Kisha huja mambo ya mlangoni. Mtunzi humwomba mhariri nafasi, mara nyingi katika ubeti wa mwanzo, na ombi hilo lamkumbusha kwamba ameingia katika nyumba ya mtu. Humtaja anayemjibu. Mwishoni huitaja tamati, na jina lake, na mji aliko. Wengine walitumia lakabu, kama Akilimali Snow-White, lakini lakabu ya mshairi haikuwa kificho. Ilikuwa jina la pili, lenye sifa zake na aibu zake, na aliyelibeba mwaka hata mwaka hakupenda lichafuke kwa vina vilivyopinda. Nalo gazeti la mwezi lilikuwa na baridi yake. Shairi la Januari lasomwa Tanga. Jibu laandikwa, latiwa posta, lapokewa, lachaguliwa, lapigwa chapa. Likitoka Machi limebahatika. Hasira inayoweza kungoja hadi Machi huwa imekwisha kugeuka kuwa hoja, au imekufa, na kufa kwake ni faida pia. Nao washairi wengine walipata wakati wa kuingia kati, huyu akimuunga mkono wa kwanza, huyu wa pili, na aghalabu akatokea mmoja kuwasuluhisha, akijipa ukadhi ambao hakuna aliyempa.

Nisije nikafahamika kwamba nasifu kupita kiasi. Kanuni hizi hazikuondoa ukali. Ziko beti za kejeli ambazo kama zingeandikwa kwa nathari zingepelekwa kwa hakimu. Lakini zina vina, na watu wakacheka, na aliyekejeliwa akaona ni afadhali acheke nao kisha aketi kutunga jibu. Mtu mwovu mwenye kipaji alitukana vizuri kuliko mtu mwema asiye nacho. Watu pia walijibu vina wakaacha maana. Majibizano mengine ni mashindano ya ufundi tu, ambamo swali la kwanza limesahauliwa katika shairi la tatu.

Na liko jambo zito zaidi. Mlango ule ulikuwa na bawabu, na bawabu alikuwa serikali. Mambo Leo lilikuwa la Idara ya Elimu, na neno la kuulaumu utawala halikutarajiwa kupita. Erica Fiah, aliyetoka Uganda, alipoanzisha Kwetu huko Dar es Salaam mwaka 1937, sababu mojawapo ilikuwa kuwapa Waafrika mahali pa kusema lisilosemeka kwingine. Ushahidi wa bei ya maneno ya wazi tunao: mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU juu ya mabwana wilaya wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Basi tunaposoma upole wa kurasa za Mambo Leo na kuusifu, inatupasa tujiulize ni sehemu gani ya upole huo ilikuwa adabu, na ni sehemu gani ilikuwa ya watu waliokatazwa jambo kubwa wakaachiwa madogo. Mimi sina mizani ya kuzipima sehemu hizo mbili. Emma Hunter, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya fikra za siasa Tanzania, aonyesha kwamba wasomaji waliyapitisha makubwa ndani ya madogo: aliyeandika juu ya maendeleo au ustaarabu aliandika pia juu ya nani astahili kutawala. Hapo fumbo la shairi lilifanya kazi ambayo nathari isingeiweza. Bawabu alihesabu mizani akaridhika. Msomaji wa barabara ya 8 akafumbua.

Wako waliozuiwa na bawabu mwingine, naye ni kipaji. Asiyejua kutunga hakuwa na la kujibu ila barua, na barua haikuwa na hadhi ya shairi. Shaaban Robert aliliona pengo hili, nadhani, kuliko wenziwe. Kielezo cha Insha, kilichotoka mwaka 1954, ni jaribio la kumpa mwenye maneno mengi na vina vichache chombo cha kusemea kwa mpango. Ni ajabu kidogo kwamba mwaka huo huo wa 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, akayaandika yaliyokuwa yakijulikana kwa masikio. (Mtu huyu baadaye akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, na sidhani alihitaji kujifunza upya maana ya neno hilo.)

Nilisema nitawarudia wanawake. Majina ya kike ni machache katika kurasa za mashairi za zama hizo, lakini tusidhani kwamba wanawake wa Ngamiani hawakuwa na uwanja wa kujibizana. Walikuwa nao, na mpango wake ni wa namna nyingine kabisa. Namaanisha taarab. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alikwisha fungua njia ya mwanamke kuimba hadharani kwa Kiswahili, na sahani zake zilianza kutolewa mwaka 1928. Tanga ikawa na vikundi vyake, Black Star na Lucky Star, vilivyovuma katika miaka ya 1960 na baada yake, na kutoka humo ikatoka sauti ya Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016.

Kelly Askew, aliyekaa Tanga na kuandika kitabu juu ya muziki na siasa za utamaduni mwaka 2002, aeleza vema jinsi kutunza kunavyofanya kazi. Wimbo umetungwa na mtunzi, waimbwa na mwimbaji, nao haumtaji mtu. Mwanamke aliyeketi kati ya wasikilizaji hungoja ubeti umfaao. Ubeti ukifika huinuka, akaenda mbele kwa mwendo wa madaha, akatoa fedha yake. Na namna anavyopita, anapogeukia, na mkono wake unavyoinuka, vyatosha kumjulisha mwenziwe mmoja katika ukumbi mzima kwamba maneno haya ni yake. Hakutunga neno hata moja, wala hakufungua kinywa. Akiulizwa, aliupenda wimbo. Naye aliyelengwa hana haki ya kulalama, maana kulalama ni kukiri; njia yake ni kungoja ubeti wake, na kwa kuwa nyimbo za usiku mmoja ni nyingi, haukosi kuja. Mshairi wa gazeti alilazimika kutunga, kutaja jina na kungoja mwezi. Mwanamke wa taarab halazimiki kutunga, hutunza asitaje, na hungoja dakika kumi. Lakini katika pande zote mbili kuna gharama kabla ya kusema, na kuna kumsikiliza mwingine kabla ya kujibu. Aliyekuwa akizungumza na jirani yake ubeti ulipopita amekosa nafasi yake.

Kwa macho haya nadhani tunaweza kuusoma upya ule mgogoro wa vina na mizani wa miaka ya 1970. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974; Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976; na ukali wa waliowapinga uliwashangaza wasomi wengi, hata wakauita ushabiki wa mapokeo. Mayoka aliuita mgogoro, na neno hilo likakaa katika jina la kitabu chake cha mwaka 1984. Tumefundisha mgogoro huo madarasani kana kwamba ulihusu umbo tu: je, shairi ni lazima liwe na vina? Lakini aliyekuwa amejibizana magazetini kwa miaka 20 hakusikia swali hilo peke yake. Alisikia kwamba kanuni za kikao chake zaondolewa, na watu wasiozitii wapewa kiti. Shairi huru halina kituo ambacho mjibu aweza kukichukua. Halimdai mtu kulihesabu kabla ya kulikataa. Wanamapokeo walikosea waliposema kwamba lisilo na vina si shairi, na Kezilahabi alikuwa na haki kamili kutaka ushairi uweze kusema mambo ambayo mizani 16 huyabana. Lakini hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Majibu ya shairi huru yalikuja kwa makala, kwa mikutano na kwa dibaji za vitabu, yaani mlango ulihama kutoka kwa mhariri ukaja kwetu vyuoni, na mtu wa Ngamiani aliyeweza kumjibu mtu wa Tabora kwa sharti la kuhesabu hadi 8 akatakiwa sasa ajue lugha ya uhakiki.

Iko dosari moja katika kazi yetu sisi wakusanyaji ambayo imezidi kuuficha ukweli huu. Vitabu vya mashairi aghalabu vimekusanywa kwa jina la mtu mmoja: Diwani ya Amri, Diwani ya Akilimali, na kwa upande wa Tanga, Malenga wa Mrima cha mwaka 1977, chenye tungo za Mwinyihatibu Mohamed. Utaratibu huo wamtukuza mtunzi, lakini wampokonya aliyejibizana naye. Shairi lililoandikwa kuwa jibu lasimama pekee, mwanafunzi alisoma kama hotuba, asijue swali liliulizwa na nani, mwezi gani, wala nani aliyeingia baada yake kusuluhisha. Mwanafunzi atakayechukua mwaka mmoja tu wa Mambo Leo, tuseme 1952, akayapanga mashairi yote kwa tarehe na kwa nani amjibu nani, atakuwa ametupa kitu ambacho diwani zote hizo hazitupi. Na aanzie Tanga, maana zipo nyumba Ngamiani ambamo kurasa zilizokatwa zimehifadhiwa sandukuni pamoja na hati za nyumba, na wenye kukumbuka zilimjibu nani wanazidi kupungua.